Sura ya Tano: Kijana na Matumizi ya Fedha

Fedha ya kwanza ambayo kijana huiamulia mwenyewe, kwa kawaida, ni nauli. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayeishi Tandika na kusoma Chang'ombe hupewa asubuhi sarafu za kwenda na kurudi, pamoja na hela ya kula saa ya mapumziko. Siku atakayoamua kurudi kwa miguu ili nauli ya jioni inunue mihogo ya kukaanga, amefanya uamuzi kamili wa kiuchumi: ametoa muda wake na jasho lake akapata kitu anachokitaka zaidi. Nyumbani huitwa mtundu. Kwa mwalimu wa matumizi, huo ni mwanzo mzuri, kwa sababu kijana huyo tayari ameweza kupima vitu viwili kwa fedha moja na kuchagua.

Mtoto mdogo hufundishwa kuhesabu noti na kurudisha chenji kamili. Kuanzia miaka 13 hivi somo hubadilika. Kijana anajua kuhesabu. Asichokijua bado ni kuchagua akiwa peke yake, mbele ya rafiki zake, huku fedha ikiwa haitoshi. Uwezo huo haupatikani kwa mawaidha. Hupatikana kwa kushika fedha halisi, yenye kiasi kinachojulikana na majukumu yanayojulikana, na kwa kuachwa ikiisha.

Kuomba na kupangiwa

Nyumba nyingi hutoa fedha kwa kuombwa. Kijana akitaka daftari anaomba, akitaka kunyoa anaomba, akialikwa sherehe ya mwenzake anaomba. Utaratibu huu una ustadi wake, nao ni wa kuomba. Baada ya mwaka mmoja kijana anajua saa ambayo baba hutoa bila maswali, anajua kwamba mama hawezi kukataa mbele ya wageni, na anajua kuwa bei ya daftari inaweza kubeba cha juu kidogo bila mtu kuulizia dukani. Hakuna popote katika mzunguko huo alipolazimika kuamua kipi kisubiri. Uamuzi wote umebaki kwa mzazi, naye mzazi anashangaa mwanawe anapofika miaka 19 bila kujua thamani ya shilingi.

Njia ya pili ni mgao: kiasi maalumu, siku maalumu, kwa mambo yaliyotajwa mapema. Tuseme kijana wa kidato cha pili anapewa shilingi 15,000 kila Jumatatu. Nauli ya mwanafunzi ikiwa 200 kwa safari, siku tano humaliza 2,000. Chakula cha mapumziko kikiwa 1,500 kwa siku, humaliza 7,500. Zinabaki 5,500 za kunyoa, bando, kalamu na starehe zake. Hesabu hiyo iandikwe mbele yake, kwa mkono wake, maana ugomvi mwingi wa fedha kati ya wazazi na vijana hutokana na kutokukubaliana ni nani alipaswa kulipia nini. Kiatu cha shule kiko upande wa mzazi au wa mgao? Jibu lolote linafaa mradi litolewe kabla kiatu hakijachanika.

Mgao haupaswi kuwa sawa kwa watoto wote kwa kuangalia umri tu. Msichana ana gharama ya taulo za kike kila mwezi, na ni gharama isiyoahirishika. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye bidhaa hiyo mwaka 2004. Tanzania iliisamehe katika bajeti ya 2018/19, kisha ikairudisha mwaka uliofuata kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Familia inayompa binti kiasi kilekile anachopewa kaka yake, kisha ikamtazamia akidhi hitaji hili humohumo, imempunguzia mgao bila kusema. Wasichana wengi huona haya kulitaja, kwa hiyo ni mzazi anayepaswa kuliweka mezani kwanza.

Muda wa mgao nao hurefushwa taratibu. Anayeanza hupewa kwa wiki. Akizoea, kwa wiki mbili. Akifika kidato cha tatu au cha nne anaweza kuhimili mwezi. Kiasi kwa siku kinaweza kubaki kilekile. Kinachoongezeka ni umbali wa macho yake. Mwenye fedha ya siku moja hana haja ya kuifikiria Ijumaa, ila mwenye fedha ya siku 30 hujifunza kwamba wiki ya kwanza ni ya hatari kuliko zote, kwa kuwa fedha huonekana nyingi.

Sehemu ngumu ni pale inapoisha kabla ya siku. Alhamisi imefika, mfuko ni mtupu, na mzazi anazo. Kanuni inayofaa ni kwamba chakula, dawa na usalama wa safari havigeuzwi adhabu. Kijana atabebewa chakula kutoka nyumbani, atapewa nauli mkononi kila asubuhi. Bando, kinyozi na chipsi mayai ni vya Jumatatu. Mzazi anayejaza pengo kila mara amefuta mgao na kurudi kwenye kuombwa, tofauti ikiwa tu kwamba sasa anaombwa mara moja zaidi.

Shule za bweni huleta mtihani wa aina yake. Fedha ya matumizi hutolewa mwanzo wa muhula, mara nyingi ikiwekwa kwa matroni, patroni au mhasibu wa shule na kuchukuliwa kidogo kidogo. Mpango huo huzuia wizi na fujo, ingawa pia humnyima kijana nafasi ya kupanga mwenyewe. Shule zinazomruhusu mwanafunzi achague ratiba yake ya kuchukua, kisha zikaifuata bila kuibadilisha, zimefanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Bwenini ndiko pia kijana anakojifunza mikopo: pakiti ya biskuti inayokopwa wiki ya sita na kulipwa pakiti mbili baada ya siku ya wazazi kutembelea shule. Riba ya asilimia 100 kwa wiki chache, na hakuna benki yoyote nchini inayothubutu kuitangaza.

Bei na kipimo

Kijana anayeshika mgao huanza kuona bei, na hapo anaweza kufundishwa hesabu ambayo watu wazima wengi huikwepa, yaani bei kwa kipimo. Losheni ya mililita 100 ikiuzwa 2,500, kila mililita ni shilingi 25. Chupa ya mililita 400 ikiuzwa 7,000, kila mililita ni shilingi 17 na nusu. Anayenunua ndogo nne hulipa 10,000 kwa kitu kilekile. Hesabu hiyohiyo hufaa kwa mchele, sabuni ya unga na bando. Bando la siku la shilingi 1,000 likinunuliwa kwa siku 30 ni 30,000, na mara nyingi bando la mwezi lenye ujazo unaolingana huuzwa chini ya hapo.

Hata hivyo, kununua kidogo kidogo kusifundishwe kama ujinga. Mama anayenunua mafuta ya kula ya kupima anajua fika kwamba dumu lina nafuu. Kipato chake huja kwa siku, na dumu linataka fedha ya wiki mbili leo. Kijana aone pande zote. Zaidi ya hapo, chupa kubwa bwenini ni ya chumba kizima, na wanafunzi wanaonunua ndogo kwa sababu hiyo wako sahihi kihesabu, hata kama kitabu cha hisabati hakiliandiki hivyo.

Sokoni ni darasa lenye walimu wengi. Karume jijini Dar es Salaam na Gikomba jijini Nairobi, nguo za mitumba haziwekewi karatasi ya bei. Bei hutajwa kwa kumwangalia mteja: viatu alivyovaa, simu aliyoishika, namna anavyoing'ang'ania nguo. Kijana anayefuatana na mtu mzima mzoefu hujifunza kugeuza shati ndani nje, kukagua kwapa, kola na mishono, kupandisha na kushusha zipu mara mbili tatu, kuuliza bei kwenye meza mbili kabla ya kutaja yake, na kuondoka bila hasira. Hilo la mwisho huwashinda wengi. Vijana wa mjini, waliozoea bei ya karatasi ya supamaketi, huona aibu kupatana, na aibu hiyo muuzaji huiona tangu mbali.

Kwenye simu, ambayo huwa kitu cha bei kubwa kuliko vyote anavyonunua kijana, uzoefu wa sokoni hautoshi. Juni 2016 Tanzania ilizima simu feki, kama Kenya ilivyofanya mwaka 2012, na waliokuwa wamenunua kwa bei ya kutupa walibaki na plastiki. Kila simu ina namba ya utambulisho inayoonekana kwa kubonyeza *#06#. Tanzania namba hiyo hutumwa kwa ujumbe kwenda 15090 na jibu hutaja aina ya simu. Jibu likitaja aina tofauti na ile iliyoandikwa kwenye boksi, biashara iishie hapo. Risiti ichukuliwe hata kama muuzaji ni jirani: bila risiti hakuna warantii, na simu ya wizi ikikamatwa mkononi mwa kijana, maelezo yake polisi yatakuwa mafupi mno.

Fedha isiyoonekana

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata. Kijana wa leo amezaliwa ndani yake, na kwake fedha ya simu ndiyo fedha yenyewe. Faida zinajulikana. Tatizo kwa anayejifunza ni kwamba noti ya 10,000 inapovunjwa huuma, wakati tarakimu ikipungua kwenye kioo hakuna kinachouma. Makato nayo hujificha. Ada ya kutuma na ya kutoa hupangwa kwa ngazi za kiasi, kwa hiyo anayetoa 2,000 kwa wakala mara tano hulipa ada mara tano, na jumla yake kwa kawaida huzidi ada ya kutoa 10,000 mara moja. Zoezi lenye faida ni kukaa na kijana mwisho wa mwezi, kufungua ujumbe wa miamala mmoja baada ya mwingine, na kujumlisha makato peke yake kwenye karatasi. Mara nyingi jumla hiyo ingemnyoa.

Laini yenyewe, aghalabu, si yake. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Tanzania Mei 2019, nao unategemea utambulisho wa taifa wa NIDA unaotolewa kwa aliyefikisha miaka 18. Kijana wa miaka 15 kwa hiyo huwa anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mzazi au mlezi, na deni lolote linaloingia humo ni la mwenye jina. Huduma kama Songesha kwa Tanzania na Fuliza, iliyoanza Kenya mwaka 2019, hukamilisha malipo pale salio linapopungua, kisha hudai fedha pamoja na ada. Ni mkopo, ijapokuwa hauji na fomu wala mdhamini. Kijana asiyeambiwa hivyo huuona kama salio lililojificha.

Sambamba na hilo kuna utapeli. Ujumbe wa «ile hela tuma kwenye namba hii» umezunguka Tanzania kwa miaka mingi na bado unapata wateja, kwa sababu huwafikia watu wachache ambao kweli walikuwa wanatakiwa kutuma hela siku hiyo. Kinga ni tabia moja: kabla ya kutuma, piga simu kwa namba unayoijua, na usome jina linalojitokeza kabla ya kuweka namba ya siri. Namba ya siri haisemwi kwa mtu yeyote, awe rafiki, mpenzi, au sauti yenye adabu inayodai inapiga kutoka kampuni ya simu.

Kubeti

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza. Hata hivyo mkeka, yaani orodha ya mechi zinazobashiriwa kwa pamoja, hupangwa kwenye simu ya kaka, na mashine za dubwi zinazomeza sarafu hukaa nje ya maduka ambako watoto wa shule hupita kila siku. Kukataza peke yake hakujafika mbali. Hoja inayowaingia vijana, hasa wavulana wanaojiona wanaujua mpira, ni hesabu.

Tuseme kijana anaweza kubashiri matokeo ya mechi kwa usahihi mara 6 katika 10, uwezo ambao wachambuzi wengi wa redioni wangeufurahia. Mkeka wa mechi moja utapona mara 60 katika 100. Mechi mbili: 0.6 mara 0.6, yaani mara 36. Mechi tano: mara 8 hivi. Mechi kumi: mara 6 katika 1,000. Anayeweka 500 kila siku ya shule kwa mikeka ya mechi kumi anaweza kumaliza mwaka mzima wa shule bila hata mmoja kupona, na hajakosea mpira mahali popote, amekosea kuzidisha. Kampuni nayo hupanga viwango vyake kwa namna ambayo malipo hubaki chini ya hatari halisi, na katika tofauti hiyo ndimo linamolipwa tangazo analoliona kwenye jezi. Kila mkeka uliochanika kwa mechi moja huonekana kama karibu kushinda. Katika mkeka wa mechi kumi, kuchanika kwa moja ni jambo la kawaida kuliko kupona kwa zote.

Dubwi halina hata hoja ya ujuzi. Mashine haimjui mchezaji wala haikumbuki sarafu ilizokula, na imani kwamba «imeshiba, sasa itatapika» ndiyo inayowaweka watu pale hadi hela ya chakula iishe.

Akiba, mchezo na ndugu

Akiba ya kijana hudumu ikiwa na jina. «Kuweka hela» huchosha ndani ya wiki mbili, ilhali viatu vya mpira vya 45,000 vinavyohitaji 3,000 kwa wiki 15 vinaweza kufikiwa. Kibubu kinatosha kuanzia. Ubora wake ni kwamba lazima kivunjwe. Kiasi kikikua, benki zina akaunti za umri huu, kama Chipukizi ya NMB kwa vijana wa miaka 13 hadi 17, ambazo hufunguliwa kwa ushiriki wa mzazi. Swali la kwanza la kuuliza kaunta ni makato ya kila mwezi.

Vijana wengi huanzisha wenyewe mchezo, yaani upatu: watu kumi, 1,000 kila mmoja kwa wiki, na kila wiki mmoja hubeba 10,000. Mchezo hauzalishi riba. Anayepokea wa kwanza amekopeshwa na wenzake, wa mwisho amewakopesha, na wote wamelindwa dhidi ya mikono yao wenyewe. Ni shule nzuri ya uaminifu na inafaa kuachwa iendelee, mradi watu wanajuana na kiasi ni kidogo. Kijana atofautishe mchezo huo na ule unaoahidi kwamba fedha itazaa. DECI, iliyowavuta Watanzania wengi «kupanda mbegu» na kusubiri mavuno, ilisimamishwa na mamlaka mwaka 2009. Mavuno ya waliotangulia yalikuwa mbegu za waliofuata. Siku hizi mipango ya namna hiyo huingia kwa kundi la WhatsApp na huwatafuta vijana moja kwa moja. Alama yake ni ileile: malipo hutegemea kuleta watu wapya.

Matumizi ya nyumba nayo ni sehemu ya somo, na pengine sehemu inayofichwa zaidi. Kijana anayetumwa kununua umeme wa LUKU kwa mwezi mzima na kuandika uniti zilizoingia huelewa haraka kwa nini pasi haiachwi imewaka. Wateja wa majumbani wenye matumizi madogo hupata uniti kwa bei nafuu mradi wasivuke 75 kwa mwezi, na wakivuka bei ya kila uniti hupanda zaidi ya maradufu. Kumwambia kijana jambo hilo, na kumwachia alinde mpaka wa 75, kunafaa kuliko kumfokea kila usiku azime taa.

Aone pia michango: harusi, msiba, ada ya mtoto wa shangazi, sadaka, zaka au fungu la kumi. Vitabu vingi vya fedha vilivyoandikwa mbali na hapa huvihesabu vitu hivi kama uvujaji. Kwa familia za Afrika Mashariki ni bima na ni heshima, ingawa vina kiwango, na kijana anayesikia wazazi wake wakisema «safari hii tutatoa 30,000, hatuwezi 100,000» amejifunza kutoa na kukataa kwa pamoja. Mzazi anayekopa ili jina lake lisomwe kamatini, kisha akamhubiria mwanawe kuhusu bando, atasikilizwa kwa adabu tu.

Wapo wanaopata kipato chao. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyodhuru afya wala masomo: kusuka nywele likizo, kuuza ubuyu, kumsaidia fundi. Fedha hiyo ibaki ya kijana. Mzazi anaweza kukubaliana naye sehemu ya akiba au ya mchango wa nyumbani, lakini anayeinyakua yote kwa hoja kwamba «unakula bure hapa» atafichwa mapato yajayo, na hatapata tena nafasi ya kuyashauri.

Kipimo cha yote hayo, kwa wanaofika chuo kikuu nchini Tanzania, ni boom: fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyopandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Haitolewi kwa siku. Huja kwa mkupuo wa majuma kadhaa, laki kadhaa kwa mara moja, kwa mtu wa miaka 19 au 20 aliye mbali na nyumbani. Wiki ya boom, maduka ya nguo na simu yanayozunguka vyuo hujaa. Wiki ya sita, watu hupika pamoja ugali na dagaa kwa zamu. Aliyewahi kuishi kwa mgao wa mwezi huigawa fedha hiyo kwa idadi ya siku kabla hajatoka nje ya lango, huku akijua kwamba ni mkopo, na kwamba akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi mkopo uishe.